Televisheni ya Mabega ya Fadhul

Mama Kaltumu aliinuka katikati ya harusi ya mwanawe, akasema kwa sauti iliyowafikia hata wauza mihogo waliokuwa nje, kwamba yeye hakuzaa panzi.

"Mimi nazaa mutu!" alisema. "Miezi tisa nabeba mutu. Hii kitu naruka-ruka pale ndani ni panzi."

Harusi yenyewe ilikuwa imefungwa Kibera, Nairobi, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Yeye alikuwa mbali, mji wa Koboko ng'ambo ya mpaka, benchi la mbele, ndani ya kibanda cha video cha Rosa Kiden. Mkanda ulikuwa umeletwa na dereva wa lori, umeviringishwa ndani ya sweta ili usijeruhiwe na njia. Televisheni ya Rosa ilikuwa ndogo, imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo juu karibu na dari, kwa sababu Rosa alimwamini Mungu lakini hakuwaamini watazamaji wake. Vijana waliokuwa wamelipa kuona watu wakipigana mateke walitolewa nje kwa muda, wakawa wamejazana mlangoni wakinung'unika.

"Yule wa katikati, Mama," alisema Taban, mwanawe wa pili, akinyoosha kidole juu. "Yule ndiyo Fadhul."

"Yupi?"

"Yule natembea."

"Wote natembea!"

"Yule na kanzu nyeupe."

"Wote iko na kanzu nyeupe, Taban. Wewe naona yeye kweli ama wewe nasema tu?"

Taban alikodoa macho. Ukweli ni kwamba hakuwa na hakika. Wanaume wale hawakupita urefu wa kidole, na rangi ya televisheni ilikuwa imegeuka kijani, kwa hiyo harusi nzima ilionekana kama watu waliolishwa sumu. Mama Kaltumu alichukua fimbo yake akatoka. Nyumba yake yote ikamfuata, maana mkubwa akisusa, mdogo habaki kwenye sinia. Rosa alitoa mkanda, akamkabidhi Taban, na mateke yakaendelea.

*

Nyumbani Mama Kaltumu alikaa kwenye mkeka wake na kutoa hukumu. Fadhul hakuwa na kosa. Mkanda haukuwa na kosa. Mkosaji ni televisheni.

"Mutu mkubwa nasimama nyuma ya dirisha kidogo, wewe utaona nini? Utaona kidole yake. Tafuta dirisha kubwa, utaona yeye mzima."

Hoja hiyo ilionekana ya busara kabisa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Taban alikuwa fundi wa baiskeli barazani karibu na soko. Angekutajia ukubwa wa rimu akiwa amefumba macho. Lakini juu ya televisheni alijua kile tu ambacho Koboko nzima ilikijua mwaka ule wa 1994, kwamba ni ghali na kwamba inakula umeme, na umeme Koboko haukuwepo.

"Rosa iko na jenereta," alisema Mama Kaltumu, ambaye alikuwa amekwisha kupanga yote njiani. "Rosa iko na mashine ya mkanda. Wakati yeye nagonjwa malaria, nani napikia yeye uji? Atatuazima."

Sadiya, mke wa Taban, alikuwa mlangoni akisuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi nyingi ambacho wanawake wa Kinubi hukisuka kwa mikono na kuuziana kwa maneno. Hakuinua kichwa.

"Na pesa, Mama?"

Wote walijua pesa iko wapi. Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda, na jina lake lilikuwa pesa ya mabati. Nusu yake ilitokana na baiskeli za Taban, nusu na tabaga za Sadiya. Nyumba ilikuwa ya nyasi, na nyasi zile zilikuwa zimechoka. Mvua ikinyesha, Sadiya alihamisha beseni kutoka hapa kwenda pale na huku amembeba mtoto. Upande mkavu ulikuwa mmoja tu, na huo kwa heshima ulikuwa wa mama mkwe.

"Mvua nakuja, mvua naenda," alisema Mama Kaltumu kwa upole. "Lakini macho yangu, Sadiya, nakwenda tu. Hapana rudi. Mimi nataka kuona mtoto yangu wakati macho bado iko."

Huo haukuwa ujanja. Ukungu ulikuwa umeanza kumwingia jicho la kushoto, na tangu warudi kutoka Zaire, walikokaa ukimbizini miaka mingi, mama huyu hakuwahi kuomba kitu zaidi ya chumvi na tumbaku ya kutafuna. Sadiya alijua hivyo, na hasira yake ikakosa mahali pa kukaa.

"Basi ikinyesha mimi nalala chini ya TV," alisema, akaingia ndani kutafuta kopo.

Mama Kaltumu akafungua fundo la pindo la leso yake, akatoa uzi.

Ulikuwa uzi wa katani, umekuwa mweusi kwa jasho. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kupelekwa kwa fundi cherehani. Mama alimpima kwa uzi, akapiga fundo bega hili, fundo bega lile, na jingine penye kifundo cha mguu, kisha uzi ukapewa mtu anayekwenda Arua. Siku kadhaa baadaye kanzu ilirudi, na haikukosea. Mwaka 1979 uzi wa Idi wa Fadhul ulikuwa tayari vita vilipofika. Fadhul, kijana aliyekwisha kuota ndevu, alikimbilia njia moja, mama na Taban njia nyingine. Sajini, baba yao, alibaki nyuma kulinda nyumba, na tangu hapo hakuonekana yeye wala nyumba. Uzi ule ulivuka mpaka na kurudi ndani ya pindo la leso.

Taban naye alipimwa Idi ile. Uzi wake ulidondoka mahali fulani porini, na hakuna aliyeuulizia.

"Enda Arua na hii," alisema Mama Kaltumu. "TV ambayo mabega hii naingia ndani, hiyo unanunua. Kama hapana ingia, wacha. Mimi hapana taka kuona nusu ya mtoto."

*

Duka la Pitia lilikuwa karibu na soko kuu la Arua, na Pitia mwenyewe alikuwa mtu wa Dranya, upande wa Koboko, kwa hiyo alimpokea Taban kama ndugu wa nyumbani, yaani alimpa stuli na kumwambia bei za juu kwa sauti ya chini. Televisheni zilikuwa zimepangwa kwenye rafu kutoka ndogo hadi kubwa. Mbili zilikuwa zimewashwa, zikionyesha mchele, yaani chenga tupu.

"Hii ni inchi kumi na nne," alisema Pitia. "Hii ishirini. Hii ishirini na moja, mpya kabisa, bado iko na nailoni. Wewe nataka ya inchi ngapi, afande?"

Alimwita afande kwa sababu baba yake alikuwa Sajini. Huko kwetu cheo cha baba hakifi, hurithiwa na watoto pamoja na madeni yake.

Taban alitoa uzi mfukoni, akaunyoosha, akashika fundo la kwanza kwenye ukingo wa kioo cha inchi ishirini na kuvuta hadi ng'ambo. Fundo la pili lilining'inia hewani nje ya televisheni.

"Hapana ingia," alisema.

"Nini hapana ingia?"

"Mabega."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua redio waliacha redio. Pitia alikuna kidevu. Alikuwa amekwisha kuona watu wakichagua televisheni kwa rangi ya sanduku, na mwalimu mmoja wa Ediofe aliyegonga kioo kwa kucha kama anayenunua chungu. Lakini uzi ulikuwa mpya kwake.

"Ndugu yangu, sikia. TV hapana pimwa hivyo. TV napimwa kona kwa kona. Hivi." Akachukua uzi, akauvuta kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya ile ya ishirini. Ukaenea, na sehemu ya kioo ikabaki. "Unaona? Naingia."

Taban aliutazama uzi uliolala mshazari.

"Ndugu yangu hapana lala kona kwa kona," alisema.

Mmoja wa wateja alicheka mpaka akashika rafu. Taban alihisi masikio yakipata moto. Angeweza kueleza habari ya mkanda, Kibera, panzi na jicho la kushoto, lakini mtu anayeeleza huku anachekwa huongeza tu kicheko, naye alilijua hilo. Akahamia kwenye ile ya ishirini na moja. Fundo lilipita ukingo kwa upana wa kidole gumba.

"Kidole tu!" alisema Pitia. "Kidole moja ni nini?"

"Ni bega."

"Afande, mimi nakwambia kitu kama ndugu, hapana kama mwenye duka. Chukua hii ya ishirini. Pesa inabaki, wewe nanunua mabati kidogo, bibi nafurahi, mama nafurahi, wewe nalala."

Yalikuwa maneno mazuri na Taban aliyajua kuwa mazuri. Aliyafikiria kweli. Aliyaona mabati, akamwona Sadiya amelala bila beseni. Kisha akamwona mama yake akiupima uzi kwenye kioo, akiguna, na kusema, Fadhul angeniletea kubwa. Maana hivyo ndivyo alivyosema kwa kila kitu. Taban akileta kilo ya nyama, Fadhul angeleta mbuzi mzima. Taban akichimba choo, Fadhul alikuwa na mkono wa kuchimba. Miaka kumi na mitano Fadhul hakuwa amekosea hata mara moja, kwa kuwa hakuwepo. Taban alimpenda kaka yake, na wakati mwingine alimchukia, na siku ile dukani vyote viwili vilikuwemo.

"Ile iko nini?" aliuliza, akionyesha pembeni chini, penye kitu kikubwa kilichofunikwa gunia.

Pitia alisita. "Ile ni ya mzungu moja, mutu ya kutengeneza barabara. Alienda kwao akaacha. Inchi ishirini na tano. Nzito sana. Hata mimi hapana jua nani atanunua."

Waliondoa gunia. Ilikuwa televisheni ya sanduku la mbao, pana kama kabati la vyombo. Taban alipiga magoti, akaweka fundo kwenye ukingo, akavuta. Fundo la pili lilitua ndani ya kioo, na pakabaki nafasi ya kupumulia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke Koboko.

Bei ilimaliza kopo la maziwa lote. Ilichukua pia pesa aliyokuja nayo kununulia matairi ya kazi yake, na hapo Pitia akapunguza kidogo kwa ajili ya Sajini. Akaongeza gunia bure.

*

Walirudi juu ya lori la viazi vitamu, Taban na televisheni, yeye akiwa ameikumbatia kama bibi harusi asiyetaka kwenda. Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana aliwaamuru abiria wote washuke. Taban alishuka, televisheni ikabaki, na askari akataka ishuke nayo. Ilichukua wanaume wanne.

"Hii nini?"

"Televisheni, afande."

"Kubwa hivi ya nini? Wewe iko na sinema?"

"Hapana. Ya kuona ndugu yangu."

Askari alizunguka sanduku mara mbili, akachungulia matundu ya nyuma kwa tochi mchana kweupe.

"Ndugu yako iko mnene?"

"Zamani hapana," alisema Taban.

Askari alimtazama kwa muda, akaona huyu si mtu wa kusumbuliwa bali wa kuombewa. "Pandisha," alisema. Wanaume wanne walipandisha, wakimtaja Taban kwa majina ambayo hayaandikwi.

Koboko watu walitoka madukani kulitazama lori likipita. Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka kwamba nyumba ya nyasi ya Mama Kaltumu imenunua televisheni kubwa kuliko ya Mkuu wa Wilaya kule Arua. Mlango ulikataa. Taban ilibidi ang'oe fremu ili televisheni iingie. Sadiya alisimama uani na mtoto mgongoni, akitazama nyumba iliyovuja juu sasa ikiwa wazi mbele.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa maji iko na njia ya kutoka."

*

Ijumaa baada ya swala ya alasiri Rosa Kiden alikuja na mashine ya mkanda kichwani, na waya mrefu ukapitishwa uani kutoka kwenye jenereta yake. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Majirani, wa msikitini na wa kanisani, walikaa hadi nje ya tundu la mlango uliong'olewa, na wanawake walipewa upande wa kitanda. Mama Kaltumu alikuwa amekoga, amevaa leso mpya na kupaka wanja. Aliketi kwenye mkeka hatua moja kutoka kwenye kioo, ameushika uzi mkononi.

Jenereta ilikohoa. Kioo kikawaka, bluu tupu, kikubwa, na watu wakasema "Eee!" kabla hakijaonyesha kitu. Taban alihisi kifua kikimpanuka. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba Fadhul mwenyewe hana kama hii, na Taban alijifanya hakusikia ili lisemwe tena.

Harusi ikaanza. Rangi zilikuwa rangi. Ukumbi, mapazia, wanawake wakicheza doluka, ngoma ya Kinubi, masufuria ya wali. Kisha wanaume wa kanzu nyeupe wakaingia, na watu wakanyoosha shingo.

Sasa walikuwa na urefu wa gunzi la mahindi.

Mpiga picha, kumbe, alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ukumbi, penye mlango, kama mtu aliyealikwa kwa mdomo tu na hana hakika kama atalishwa. Watu wote walikuwa mbali. Kioo kilikuwa kipana na kizuri, na ndani yake mlikuwa na sakafu nyingi sana.

"Sasa iko panzi kubwa," alinong'ona jirani mmoja.

Mama Kaltumu alisogea mbele mpaka pua ikakaribia kioo, akarudi nyuma, akasogea tena. Uzi ulikuwa umelala mapajani. Sadiya alimtazama mumewe, akatazama juu penye nyasi, akamtazama tena. Taban alitamani jenereta ife.

"Tuondoke?" aliuliza Rosa, akinyoosha mkono kuzima. "Mama Fadhul, nizime?"

"Hii ni nyumba yangu, niondoke nakwenda wapi?" alisema Mama Kaltumu. "Wacha."

Kwa hiyo wakaendelea kutazama, maana hapakuwa na pa kususia. Mpiga picha alionyesha wali. Alionyesha keki, akairudia. Alimwonyesha mbuzi akiwa hai, na baadaye akamwonyesha tena katika hali nyingine. Watoto wakaanza kulala. Wanaume waliokuwa nje wakaanza kuzungumza bei ya tumbaku. Halafu mpiga picha, labda alikuwa amekwisha kula, akaanza kutembea. Alipita katikati ya viti, akapita migongo ya watu, kiti kikubwa kikatokea, mtu amekaa amemtazama, akazidi kusogea, na uso ukajaa kioo chote.

Ulikuwa uso wa mwanamume mwenye upara na mashavu, na ndevu zilizoanza kupata mvi kwenye kidevu. Masikio yake yalikaribia kugusa mbao pande mbili.

Mama Kaltumu aliinuka. Alivuta leso akafunika nywele vizuri, akashika mikono mbele, kama mke anavyoinuka mume akiingia.

"Sajini," alisema. "Umerudi?"

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa nje waliacha tumbaku. Taban aliutazama uso ule na akaona ni kweli, alikuwa baba yake mtupu, yule aliyebaki mlangoni na bunduki wakati wao wanakimbia.

"Mama," alisema taratibu. "Hapana Sajini. Fadhul."

Uso ulilamba midomo, ukatazama pembeni kwa aibu, kama anavyofanya mtu aliyeambiwa aongee na chuma.

"Mama, asalaam aleikum," ulisema. "Mimi Fadhul. Kama wewe naniona, samehe mimi. Mimi nataka kuja. Kila mwaka nasema nakuja. Lakini mtoto wa Sajini narudi nyumbani na mkono tupu? Mimi nafanya kazi ya kulinda duka ya mutu. Naona haya, Mama. Taban, wewe nachunga mama yetu. Mimi nafanya nini? Mimi hakuna kitu nafanya. Asante, ndugu yangu."

Akataka kuongeza jambo, lakini mpiga picha akarudi kwenye wali.

Rosa Kiden alizima. Kisha Rosa, ambaye alikuwa mwanamke mwema lakini hakujua kunyamaza, akasema alichokuwa akikifikiria.

"Lakini Mama Fadhul, hata kwa TV yangu ile kidogo wewe ungeona yeye. Siku ile wewe naondoka mbio. Kama ungengoja."

Kila mtu akamtazama Taban, kisha wakayahamishia macho kwenye sanduku la mbao, na kutoka hapo kwenye nyasi za paa. Kicheko kilianzia kwa Sadiya. Aliziba mdomo kwa tabaga, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka, na mwishowe akakaa chini kabisa. Taban mwenyewe alicheka, kwa sababu lililobaki lilikuwa kulia.

Mama Kaltumu hakucheka. Alikuwa ameuweka uzi juu ya kioo kilichozimika, fundo huku na fundo kule, akitafakari.

"Sura peke yake najaza yote," alisema. "Mabega nabaki nje. Mtoto amekuwa mnene. Uzi hii ni ya mutu mwingine." Akageuka. "Rosa, wewe nataka hii TV?"

"Mama!" alisema Taban.

"Mimi nauliza Rosa."

"Mama, hata siku moja hapana maliza! Mlango iko nje!"

"Mlango utarudi. Mimi naona yeye amezeeka, Taban. Mimi hapa nasema macho yangu, macho yangu, na yeye naisha huko. Yeye naogopa kuja kwa sababu ya mkono. Mimi hapana ogopa kwenda. Mkono yangu iko tupu tangu zamani, watu wamezoea. Rosa, sema bei."

Rosa alitaja bei. Ilikuwa ya chini, kama ilivyo bei ya kitu ambacho mji mzima umekushuhudia ukijuta kukinunua. Taban aliruka, Rosa akapandisha kidogo, Sadiya akaingilia na kumkumbusha uji wa malaria, Rosa akapandisha tena huku akimwita Mungu. Ilipofikia nauli ya lori na basi hadi Nairobi, kwenda na kurudi, na mabati ya kuezeka upande mmoja wa paa, Mama Kaltumu akasema imetosha.

"Upande gani?" aliuliza Sadiya haraka.

"Upande ya kitanda yako. Mimi hapana kuwepo."

Wanaume wanne waliibeba televisheni kupitia pale palipokuwa mlango, na kabla ya magharibi vijana wa Koboko walikuwa wakitazama mateke makubwa kuliko walivyowahi kuyaona.

*

Asubuhi ya kuondoka, Mama Kaltumu alikaa uani na kifurushi chake, lori bado halijapiga honi. Alikuwa akihangaika na uzi. Mafundo yale yalikuwa yamekaa miaka mingi mno, yamekaza kama mfupa. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno machache aliyobakiwa nayo, kisha akamnyooshea mkwewe. Sadiya aliacha kufagia, akachuchumaa mbele yake, akaingiza ncha ya sindano ya kusukia tabaga. Alifungua la bega, la bega jingine, na lile la mguu.

"Unaenda kupima Fadhul tena, Mama?" aliuliza.

"Fadhul nalinda duka Nairobi. Atapimwa na fundi wa Nairobi." Akaunyoosha uzi, ukiwa na vikunjo pale mafundo yalipokuwa. "Wanasema kanzu huko ni rahisi. Taban! Wacha hiyo baiskeli. Kuja hapa."

Taban alikuja akifuta mikono ya grisi kwenye suruali.

"Geuka. Simama vizuri."

Alimgeuzia mgongo. Alisikia vidole vya mama yake vikimgusa bega la kushoto, vikisafiri polepole, vikitafuta mfupa wa bega la kulia kwa sababu macho hayakuuona sawasawa. Vilikaa pale muda mrefu kidogo.

"Wewe pia umekuwa mkubwa," alisema Mama Kaltumu, kama mtu anayepewa habari. "Tangu lini?"

Taban alinyoosha mabega. Nyuma yake alimsikia akipiga fundo la kwanza.